Tulivyoufuata Mto Pangani hadi kwa Bibi Tongoni

Bibi hana desturi ya kulalamika. Ndiyo maana alipotupigia simu mwezi wa Novemba, na baada ya salamu akanyamaza kidogo, tulijua kuna jambo. "Wanangu," alisema, "minazi ya marehemu baba yangu inakufa. Maji ya mto yamekuwa ya chumvi. Kaka zangu wanataka shamba liuzwe, kila mmoja apewe fungu lake la mirathi. Mimi sitatia dole mpaka wajukuu zangu waje waone walichoachiwa."

Bibi anaishi Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, katika barabara iendayo Pangani. Shamba analolizungumzia liko mbele zaidi, ukingoni mwa Mto Pangani, juu kidogo ya mji wa jina hilo. Sisi tunaishi Moshi. Nyuma ya nyumba yetu unapita mfereji mdogo, ambao Wachaga huuita mfongo, uletao maji kutoka mlimani. Kila nyumba ina zamu yake ya kuufungulia. Yetu ni Jumanne, ingawa, tukisema kweli, tumewahi kuufungulia hata siku isiyokuwa yetu.

Watoto walipouliza maji ya mfereji huo huenda wapi yakishapita kwetu, tulichukua ramani ya shule tukaufuata mstari wa buluu kwa kidole. Ulishuka, ukazunguka milima, ukapita Korogwe, ukaishia baharini Pangani. Maji yanayopita nyuma ya nyumba yetu na maji yanayopita mbele ya shamba la Bibi ni ya mto mmoja. Basi shule zilipofungwa mwezi wa Desemba tulikubaliana kwamba safari hii hatutapanda basi la usiku. Tutasafiri mchana, polepole, tukiufuata mto.

Mlima, mvua na msitu

Watu wengi, nasi tukiwa miongoni mwao, huamini kwamba Mto Pangani unatokana na theluji ya Kilimanjaro. Ni kweli kwamba kilele cha Kibo, chenye urefu wa mita 5,895, kimevaa barafu tangu zama za kale, na ni kweli vilevile kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka. Lakini barafu huchangia sehemu ndogo tu ya maji ya mto. Mchango mkubwa unatoka katika msitu uliouzunguka mlima kama mshipi. Pepo za kusi na za kaskazi huleta mawingu kutoka Bahari ya Hindi, mlima huyazuia, na mvua hunyesha msituni. Katika miteremko ya kusini mvua hiyo huweza kuzidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali uwanda wa chini hupata kiasi cha milimita 500 tu. Mizizi, majani yaliyooza na mawe ya volkano huyanyonya maji hayo, huyahifadhi ardhini, kisha huyaachia taratibu kupitia chemchemi, hata miezi ambayo hakuna mvua.

Mto wenyewe una mikono miwili mikubwa. Mkono wa magharibi ni Kikuletwa. Huu hukusanya mito ya Mlima Meru, kama vile Themi na Usa, na mito ya upande wa kusini na magharibi wa Kilimanjaro: Sanya, Kikafu, Weruweru na Karanga. Msafiri wa Arusha hadi Moshi huvuka madaraja ya mito hii mmoja baada ya mwingine bila kujua kwamba anavuka vidole vya mkono mmoja. Huko bondeni iko chemchemi ya Chemka, ambako maji safi ya vuguvugu hutoka chini ya mizizi ya mikuyu.

Mkono wa mashariki unaitwa Ruvu, nao una safari ya ajabu zaidi. Mto Lumi huteremka kutoka upande wa mashariki wa Kilimanjaro, hupita Taveta katika nchi ya Kenya, humwaga maji yake katika Ziwa Jipe lililo mpakani, na kutoka ziwani humo ndipo Ruvu huchukua njia kuingia uwanda wa Tanzania, ukipokea maji ya Himo na mito mingine midogo. Maji hayaombi hati ya kusafiria.

Nyumba ya Mungu

Tulipokaribia Mwanga tuliiacha barabara kuu tukaelekea magharibi, katika nchi kavu ya migunga na vumbi jekundu. Mtoto wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 6, alikuwa ameambiwa kwamba tunakwenda Nyumba ya Mungu. Alikuwa amekwisha kuvua viatu vyake garini. Alipoona maji mengi yasiyo na mnara wala mlango, alituuliza msikiti uko wapi.

Nyumba ya Mungu ni jina la bwawa. Lilijengwa miaka ya 1960 mahali Kikuletwa na Ruvu wanapokutana, na likijaa huenea eneo la takriban kilomita za mraba 140. Kuanzia hapa ndipo mto huitwa Pangani. Lina mitambo midogo ya umeme ya megawati 8, linadhibiti mafuriko, na limewapa riziki wavuvi waliohamia kutoka pande nyingi za nchi. Tulitawadha kwa maji yake, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, chini ya mgunga usiokuwa na kivuli cha kutosha.

Mvuvi mmoja mtu mzima aliyekuwa akitengeneza nyavu alitukaribisha kwa bakuli la perege. Tulipomwambia tunaufuata mto hadi Pangani, alicheka. "Mtafika nyinyi," alisema. "Maji mengine hayafiki."

Tulimwomba atufafanulie. Alionyesha kwa mkono upande tuliotoka. Huko juu, alisema, kila mmoja ana mfereji. Wenye migomba wana mifereji yao ya kale, wenye mashamba makubwa ya miwa na maua wana mabomba yao, na wakulima wa mpunga wana skimu zao. Kila mmoja huchukua kidogo. "Na kidogo kwa watu elfu," alisema, "si kidogo tena."

Hatukumjibu. Tulikuwa tukiufikiria mfongo wetu.

Milima ya kushoto, mto wa kulia

Kutoka Mwanga hadi Same, na kutoka Same hadi Hedaru, msafiri huwa na Milima ya Upare mkono wa kushoto, na mkono wa kulia huwa na uwanda mpana unaokwenda hadi Umasaini. Mto uko huko uwandani, mbali na macho. Chini ya bwawa hupita katika kinamasi cha Kirua, ambacho zamani kilifurika kila masika, na ambacho kimepungua sana tangu mafuriko yalipozuiwa. Hapa maji mengi hupotea hewani kwa jua kabla hayajaendelea na safari.

Milima ya Upare imetufundisha jambo. Wapare hawana theluji wala mto mkubwa, lakini tangu enzi za mababu wana ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa mlimani. Usiku, watu wakiwa wamelala, maji ya kijito hukusanywa humo. Asubuhi hufunguliwa yakaenda mashambani kwa zamu inayojulikana na wote, na watu wa ndiva moja hushirikiana kuondoa matope. Mahali palipo na maji machache, watu wamelazimika kuwa na adabu nayo.

Karibu na Buiko mto huikaribia barabara, na milima ya Usambara hushika zamu ya Upare. Kuanzia hapo Pangani hupata wasaidizi wapya. Mto Mkomazi huleta maji ya upande wa pili wa Upare na ya Usambara Magharibi. Mto Soni huteremka kwa maporomoko kutoka nchi ya Wasambaa kuelekea Mombo. Karibu na Korogwe hufika Luengera, mto upitao katika bonde linalotenganisha Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Kwa hiyo maji yanayofika Korogwe si ya Kilimanjaro na Meru pekee. Yamechanganyika na maji ya Wapare na Wasambaa, na hakuna awezaye kuyatenga tena.

Baada ya Segera tulifika Hale. Hapa mto, uliokuwa ukitembea kwa utulivu uwandani, unajikuta ukingoni mwa nyanda za juu na kuanguka kuelekea pwani. Anguko hilo limegeuzwa kuwa umeme. Hale ina mitambo ya megawati 21 iliyoanza kazi mwaka 1964, na mbele kidogo ni kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani cha megawati 68, kilichokamilika mwaka 1995 kuchukua nafasi ya kile cha zamani cha miaka ya 1930. Taa nyingi za nchi hii zimewahi kuwashwa na mto huu. Maji yanapopungua, mitambo nayo husimama, na mtu aliye mbali kabisa na mto hukaa gizani.

Ndugu mdogo wa mto

Kutoka Muheza hadi Tanga tuliuacha Mto Pangani uende zake kusini, nasi tukaingia katika nchi ya mto mwingine. Zigi ni mfupi, lakini mji wa Tanga unaishi kwa mto huo. Huanzia katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, huungana na Kihuhwi, na kabla ya kufika baharini huzuiwa katika Bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Maji ya bomba anayoyatumia mkazi wa Tanga kutawadhia alfajiri, kwa sehemu kubwa, yameanza safari yake chini ya miti ya Amani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu waliivamia milima hiyo, wakachimba hata kwenye vijito, na maji yakashuka mjini yakiwa tope. Wachimbaji waliondolewa. Baadaye wakulima wa mlimani waliunda umoja wao wa kuhifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, uitwao UWAMAKIZI. Mkulima anayepanda miti ukingoni mwa mto badala ya kulima hadi majini anamfanyia wema mtu wa Ngamiani ambaye pengine hatamwona maishani.

Tongoni

Tulifika kwa Bibi jua likiwa limeinama. Watoto walimshikia mikono, "Shikamoo Bibi," naye akaitika "Marahaba" mara tatu, moja kwa kila mtoto, kwa kuwa hapendi kuitikia kwa jumla. Asubuhi yake, kabla ya habari yoyote ya shamba, alitupeleka magofuni.

Tongoni zamani iliitwa Mtangata, na jina la sasa lenyewe lina maana ya mahame, mahali palipokuwa na watu wakaondoka. Karne ya 14 na ya 15 palikuwa na mji wa Waislamu wenye msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta za msikiti zimebomoka, lakini mtu bado huweza kusimama mahali pa safu na kutambua upande wa kibla. Kando yake yapo makaburi yapatayo 40, miongoni mwao makaburi ya nguzo, ambayo zamani yalipambwa kwa bakuli na sahani za kigeni. Nguzo nyingi zimeanguka, na bahari haiko mbali nazo. Mwaka 1498 jahazi moja la Mreno Vasco da Gama, São Rafael, lilikwama katika miamba iliyo mbele ya pwani hii, na mwaka 1499, akirudi kutoka India na mabaharia wake wengi wakiwa wamekufa kwa maradhi, alilichoma moto hapohapo kwa kukosa watu wa kuliendesha. Milima mirefu waliyoiona kutoka baharini waliipa jina la jahazi lile. Milima hiyo ni Usambara. Wenyeji, bila shaka, walikuwa na jina lao tayari.

Tuliwaombea dua waliolala hapo. Mtoto mkubwa aliuliza kwa nini watu waliuacha mji mzuri namna hii. Bibi alijibu kwamba wasomi wana sababu nyingi, yeye anajua moja tu: "Mjukuu wangu, mahali penye kisima cha maji matamu watu hawapahami kwa hiari."

Minazi ya ukingoni

Siku ya tatu tulikwenda Pangani. Mji ule wa kale, wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, umekaa mdomoni mwa mto, na ng'ambo yake ni Bweni. Hapa zilifika pembe na watumwa kutoka bara, na hapa, mwezi Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim aliyewaongoza watu wa pwani kupinga utawala wao. Mto ni mpana na mzito, na kwa macho tu mtu angesema hauna upungufu wowote. Baada ya takriban kilomita 500, huu ndio mwisho wake.

Mwenye mtumbwi alitupeleka juu kwa saa moja hivi, maji yakiwa yanajaa. Bibi alikaa mbele, kanga yake ameikaza kichwani. Tulipofika shambani hakusema neno. Alinyoosha mkono tu.

Safu ya kwanza ya minazi, iliyo karibu na maji, ilikuwa nguzo tupu bila makuti. Safu ya pili ilikuwa na makuti ya manjano na madafu madogo kama ngumi. Mbele yake, mahali ambapo Bibi akiwa msichana alivuna mpunga, sasa imeota mikoko. Mtoto wa kati alichota maji ya mto kwa kiganja akaonja, kisha akatema. "Ni bahari," alisema.

Na ndivyo ilivyo. Mto na bahari husukumana kila siku mdomoni. Mto ukiwa na nguvu, maji ya chumvi hubaki chini karibu na pwani. Mto ukidhoofika kwa kuchukuliwa na watu wa juu, nayo bahari ikipanda kwa sababu ya kuongezeka kwa joto la dunia, maji ya chumvi huingia ndani kila maji yanapojaa, huzama udongoni, na mizizi hufa. Mkulima wa hapa hajakosea jambo lolote. Amerithi tu shamba lililo mwisho wa mto.

Tulikaa chini ya mnazi mmoja uliokuwa hai. Wajomba walikuwapo, nao walisema maneno yao kwa upole: mnunuzi yuko, bei si mbaya, mwakani itakuwa mbaya zaidi. Hatukuweza kusema kwamba wanakosea. Tuliona haya, kwa sababu sisi ndio watu wa juu.

Ndipo mmoja wetu alipokumbusha kisa kilichopokewa kuhusu Zubayr (R.A.) na mtu wa Kiansari, waliogombania mfereji wa kumwagilia mitende Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (S.A.W.) aliamua kwamba Zubayr amwagilie, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani yake. Haki ya wa juu ilithibitishwa, na haki ya wa chini ilithibitishwa pamoja nayo. Tumezoea kumhesabu jirani kwa milango. Mto unatuhesabia kwa mbali zaidi: jirani yetu wa Moshi yuko Pangani.

Bibi alisikiliza, kisha akasema lake. "Hiki cha chini kimekwisha kuchukuliwa na mikoko, na mikoko ina kazi yake, samaki huzaa humo na ukingo haumomonyoki. Kiacheni. Cha juu bado kina udongo mtamu. Hicho msikiuze mkingali nami hai. Wajukuu watapanda." Wajomba walitazamana. Mkubwa wao akasema watangoja miaka miwili waone. Siku hiyohiyo watoto walipanda miche 6 ya minazi katika sehemu ya juu, kila mmoja miwili, na Bibi akawaonyesha namna ya kuizungushia majivu.

Tulipomaliza, mtoto mkubwa alikuwa na swali lake. Tukipunguza maji ya mfongo wetu, je, yatafika hapa? Tulimwambia ukweli: ndoo zetu chache haziwezi kushinda bahari. Katika mji wetu huohuo wa Moshi ndiko iliko Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 ili kugawa maji kati ya wa juu na wa chini, na kazi hiyo inahitaji mizani, vibali na uamuzi wa wakubwa. Lakini mgao wowote wa wakubwa huishia penye mfereji wa mtu, usiku, asipoonwa na yeyote isipokuwa Mola wake.

Tulirejea Moshi siku ya Jumapili. Usiku wa Jumatatu tuliyasikia maji yakipita nyuma ya nyumba, na mboga zetu zilikuwa zimenyauka kwa kukosa mtu wa kuzimwagilia siku zote zile. Mtoto wa mwisho alichungulia dirishani akatuuliza kama tutafungulia.

Tulimwambia alale. Zamu yetu ni kesho.